Dirisha la Wageni

Dereva wa bajaji pale Kivukoni hahitaji kuona pasipoti ya mtu ili ajue amtoze ngapi. Mama wa Kikenya, mweusi kama yeye, anauliza, "Boss, ni pesa ngapi mpaka Kariakoo?" na lafudhi imeshasema yote. Anajibiwa kwa adabu zote, "Elfu kumi na tano tu, dada yangu," huku dereva wa pili akitazama pembeni asije akacheka. Mzungu mwenye begi mgongoni ataambiwa thelathini. Kijana aliyeshuka jana kutoka Songea ataambiwa kumi. Mkazi wa Ilala haulizi. Anapanda, anashuka, anatoa elfu tano yake na kuondoka.

Safari moja, bei nne, na hakuna hata moja iliyoandikwa mahali. Hatua chache kutoka hapo, kwenye ofisi za boti za Unguja, bei zinajulikana: kuna ya mkazi na kuna ya asiye mkazi, hii ya pili ikitajwa kwa dola kwa miaka mingi. Wanaolalamika huyachanganya mambo haya mawili na kuyaita yote bei ya mzungu. Wanaotetea nao huyachanganya: mgeni ana pesa, alipe. Mimi naona ni biashara mbili zisizofanana. Ya kwanza, tuiite bei ya sura, inauza kutojua kwa mteja. Ya pili, bei ya karatasi, ni uamuzi wa mwenye mamlaka kwamba uraia au makazi ya mtu yana thamani ya pesa kadhaa. Hii ya pili huonekana ya kistaarabu zaidi kwa sababu ina risiti. Lakini ndiyo inayoweza kumuumiza mtu zaidi, maana haina maelewano, na haiishi mtu anapozoea mji.

Tuanze na ya sura. Mwaka 1978 mwanaanthropolojia Mmarekani Clifford Geertz, aliyefanya utafiti wake katika mji wa Sefrou nchini Morocco, aliandika kwamba katika soko la aina ile kitu adimu si bidhaa, ni habari. Nani anauza nini, kina ubora gani, jana kiliuzwa ngapi: anayejua anafaidi, asiyejua anaumia. Ukitaka kuliona hilo bila kufika Morocco, simama kidogo Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Winga hana duka wala mtaji. Anakukuta unashangaashangaa, anauliza, "Bosi, unatafuta nini?", anakupandisha ghorofani hadi kwenye fremu ambayo usingeifikia mwenyewe, na bei anayokutajia ina cha juu chake ndani. Mwenye duka anajua, anakaa kimya; mgawo utatoka ukishaondoka. Anayeliwa hapo ni mtu wa Sumbawanga sawasawa na mtu wa Lubumbashi. Wafanyabiashara wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro wanaokuja Kariakoo kufunga mzigo huliwa mwanzoni. Baadaye wanakuwa na namba ya mwenye duka, wanatumiwa picha na bei kwenye WhatsApp, na winga hawaoni tena. Bado ni wageni. Wameacha tu kuwa wasiojua.

Kwa hiyo rangi, lafudhi na begi mgongoni si chanzo cha bei kupanda. Ni dalili tu ambazo muuzaji anazisoma haraka akikisia nani hajui na nani ana haraka. Anasoma kwa makosa mengi. Mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya, anayehesabu kila shilingi, hutajiwa bei kubwa kuliko mfanyabiashara wa Dubai aliyevaa kanzu na kuongea Kiswahili cha mama yake. Wala kusoma sura si tabia ya Waswahili peke yao. Mwaka 1991 mwanasheria Ian Ayres alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya kwa wauza magari wa eneo la Chicago. Watu waliofundishwa kubishana bei kwa maneno yaleyale walitumwa kuulizia gari, na wanaume Wazungu walitajiwa bei nafuu kuliko wanawake na kuliko Wamarekani Weusi. Wote walikuwa kwao, hakuna aliyekuwa mtalii. Penye bei isiyoandikwa, uso wa mteja hugeuka kuwa sehemu ya bei, popote duniani.

Sasa mtazame mzungu yuleyule aliyetajiwa thelathini akivuka barabara na kupanda daladala. Analipa sawa na wenzake. Si kwamba makonda ni waungwana kuliko madereva wa bajaji, tunawajua. Nauli imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kila aliyemo garini anaijua, na konda akijifanya hana chenji ya mgeni, kuna mama kiti cha nyuma atapaza sauti: "We konda, mrudishie mwenzio hela yake!" Bei yenye mashahidi ni ngumu kuipandisha. Programu za usafiri zimefanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Tangu Uber ilipoingia Dar es Salaam mwaka 2016, na wenzake wakafuata, abiria anaiona bei kabla dereva hajamwona yeye. Madereva walitafuta dawa yake: mtu anapiga simu, anauliza unaenda wapi na unalipa keshi au vipi, akisikia Kiingereza anaomba ughairi safari ili mpatane nje ya programu. Wakati mwingine anafanikiwa. Hata hivyo abiria tayari ana namba kichwani, na mazungumzo yanaanzia hapo. Mchumi Robert Jensen alionyesha jambo la aina hii mwaka 2007 katika utafiti wake juu ya wavuvi wa Kerala, India: simu za mkononi zilipofika pwani, wakaweza kuuliza bei wakiwa bado baharini, tofauti za bei kati ya soko na soko zilikaribia kufutika.

Bei ya sura ni dhuluma? Kwenye shanga, vinyago na vitenge vya ukumbusho, sioni dhambi kubwa. Mtu amekubali kwa hiari, kitu si cha lazima, na anayekwenda duka la pili atapata nafuu. Kinachonikera ni mahali pesa inapoishia. Pale Mji Mkongwe, Unguja, papasi, yaani dalali wa watalii wa mtaani, akimleta mgeni dukani, sehemu nzuri ya kile kilichoongezwa inarudi kwa papasi kama kamisheni, na fundi aliyechonga au aliyeshona hapati zaidi ya siku zote. Wanaosema mgeni alipe zaidi ili mnyonge afaidike wangefuatilia hiyo noti inalala kwa nani.

Kuna jambo la pili, ambalo wenyeji wa Nungwi na Paje wanalijua kuliko wachumi. Bei ya mgeni ikikaa sana mahali inageuka bei ya wote. Pweza anayeweza kununuliwa na hoteli hauzwi tena kwa bei ya jirani. Nyumba inayoweza kupangishwa kwa usiku haipangishwi kwa mwezi. Mwenyeji akilalamika anaambiwa, "Shehe, wenzio wanalipa." Hapo ndipo bei mbili zinapopata mtetezi mzuri. Ukikataza bei mbili mahali palipojaa wenye dola, bei moja itakayobaki haitakuwa ile ya mwenyeji. Bei mbili ni ukuta, na mara nyingi anayelindwa na ukuta ule ni mnyonge.

Hoja hiyo ndiyo inayoyasimamisha malipo ya hifadhi za Tanzania. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, mtu mzima kutoka nje anaingia Serengeti kwa dola 70 kwa siku katika msimu wa juu. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi analipa nusu. Raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 10,000. Majirani wanafanya vilevile. Masai Mara inamtoza mgeni dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba. Kumwona sokwe wa milimani nchini Uganda ni dola 800 kwa mgeni na shilingi 300,000 za Uganda kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda ilipandisha kibali chake kwa wageni hadi dola 1,500 mwaka 2017. Pengo ni kubwa mno, lakini lingeondolewa, mwalimu wa Mugumu, mji ulio jirani kabisa na Serengeti, asingeingia humo na wanafunzi wake hata siku moja.

Kuna utetezi mmoja unaorudiwa sana ambao kwangu ni dhaifu: kwamba mwananchi alishalipa kwa kodi yake. Kwa hifadhi zetu mambo ni kinyume. Zimeendeshwa kwa pesa za mageti, na mageti yanategemea mgeni. Yeye ndiye anayemlipia mwenyeji. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Tembo anaingia shamba la mahindi la mtu wa Serengeti au Bunda, si la mtu wa Munich. Fisi anachukua mbuzi wa Loliondo. Anayeishi na mnyama mwaka mzima ana haki ya kumtazama kwa shilingi elfu kumi.

Miaka mingi wageni waliita utaratibu huu ubaguzi, na magazeti ya usafiri ya Ulaya hayakuacha kuicheka Thailand, ambako hifadhi kama Khao Yai imekuwa ikimtoza mgeni baht 400 na mwenyeji baht 40, bei ya mwenyeji ikiandikwa kwa tarakimu za Kithai ili mgeni asiisome. Ile ya tarakimu kweli ni hila, na inafanana zaidi na bajaji ya Kivukoni kuliko na Serengeti. Mwenye haki na bei yake haifichi. Lakini tazama wanaocheka wamefika wapi. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, ambalo zamani kila mtu alitoa alichojaliwa, tangu 2018 linadai kiingilio kamili kwa wasio wakazi wa jimbo hilo. Louvre ya Paris imepandisha kiingilio kwa wanaotoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya kutoka euro 22 hadi 32 kuanzia Januari 2026. Mwezi huohuo Marekani ilianza kuwatoza wasio wakazi dola 100 za ziada katika hifadhi 11 zinazotembelewa sana, na pasi ya mwaka ikawa dola 250 kwao huku mkazi akilipa 80. Hakuna aliyeomba radhi Thailand.

Kwa hiyo ugomvi juu ya mageti umekwisha, kwa kiasi kikubwa. Kila mwenye kitu cha kutazamwa anauza kwa bei mbili. Ugomvi wenye uzito uko kwenye vitu ambavyo mtu hawezi kuvikosa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliuchora mstari huo vizuri kwa kesi mbili, ingawa zilihusu watu wa majimbo tofauti, si wageni wa nje. Mwaka 1948 iliikatalia South Carolina, iliyokuwa ikitoza leseni ya boti ya kuvua kamba dola 25 kwa mkazi na dola 2,500 kwa mvuvi wa jimbo jingine. Mwaka 1978 iliiruhusu Montana, ambako mkazi aliweza kuwinda paa mkubwa aina ya elki kwa dola 9 wakati mtu wa nje alilazimika kununua leseni ya dola 225. Tofauti ya kesi hizi haikuwa ukubwa wa pengo. Uvuvi ule ulikuwa riziki. Uwindaji ule ulikuwa starehe. Kwenye starehe, jimbo linaweza kuwapendelea wake. Kwenye riziki, hapana.

Chukua mstari huo uende nao Ghuba. Abu Dhabi, umeme wa nyumbani wa raia umekuwa ukianzia fils 6.7 kwa yuniti, wa mgeni fils 26.8: mara nne kamili, kwa waya uleule, jengo lilelile, kiyoyozi kilekile ambacho mwezi wa Agosti si starehe. Oman nayo, katika mageuzi ya ruzuku yaliyoanza 2021, imetenganisha akaunti za raia na za wageni. Kuwait ilipandisha ada za hospitali za umma kwa wageni mwaka 2017. Utetezi wa kule hauwezi kuwa kodi, maana Emarati haitozi kodi ya mshahara kwa yeyote. Utetezi ni urithi: mafuta ni ya raia, na umeme wa bei chini ni njia ya kugawana urithi huo. Kama hoja ya mali ya familia, naielewa. Lakini katika nchi ambamo raia ni wachache sana kuliko wageni, waliojenga minara na wanaoilinda usiku, "mgeni" si mtu aliyekuja kutazama. Amekaa miaka ishirini, watoto amezaa huko, na kila mwezi bili inamkumbusha. Waswahili wa Muscat wanayo picha hii sebuleni kwao. Ndugu wawili wenye babu mmoja wa Pemba, mmoja mwenye uraia wa Oman na mwingine aliyekuja kwa kibali cha kazi, wanaweza kupanga nyumba zinazotazamana na kulipa umeme kwa viwango viwili.

Uingereza inafanya hivyo kwa lugha laini zaidi. Anayekwenda kuishi huko kwa viza ya kazi analipa, juu ya ada ya viza, tozo ya afya iliyoanza kwa pauni 200 kwa mwaka mwaka 2015 na kufika pauni 1,035 Februari 2024. Inalipwa mbele, kwa miaka yote ya viza: miaka mitano ni pauni 5,175, kwa kila mtu mzima wa familia, kabla hajaugua hata mafua. Akishaanza kazi, mshahara wake unakatwa kodi ya mapato na mchango wa bima ya taifa sawa na wa jirani yake Mwingereza, pesa zinazoendesha hospitali zilezile. Hoja ya "mwenyeji alishalipa kwa kodi yake" hapa imepinduka: mgeni amelipa kodi, kisha amelipa tena. Serikali yenyewe inajua kuna kasoro, ndiyo maana wauguzi na wahudumu wengi walio kwenye viza ya afya walisamehewa tozo hiyo mwaka 2020, baada ya makelele ya wakati wa korona kwamba anayeihudumia hospitali anatozwa ili aruhusiwe kutibiwa humo. Mhandisi na mwalimu bado wanalipa. Katika vyuo vikuu nako, ada ya mwanafunzi wa nyumbani katika England ina kikomo, pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Ya mwanafunzi wa nje haina, na kwa kozi nyingi ni mara mbili au tatu, kwa udaktari zaidi ya hapo. Hakuna anayeficha kwamba mtoto wa Nairobi na Lagos anachangia kumsomesha mtoto wa Leeds. Ni Serengeti iliyogeuzwa, tofauti ni kwamba shahada si mandhari.

Ulaya bara kuna somo jingine. Ndani ya Umoja wa Ulaya bei ya karatasi imepigwa marufuku kwa raia wao wenyewe, na mahakama yao haina mzaha. Hispania ilishindwa mwaka 1994 kwa kuwaingiza wenyeji bure makumbusho huku ikiwatoza raia wa nchi nyingine za Umoja. Italia ikafuata mwaka 2003 kwa punguzo la wazee lililowahusu wenyeji tu. Kesi tamu zaidi ni ya Ujerumani. Ilitaka kutoza magari madogo yote kwa kutumia barabara zake kuu, Mjerumani na Mwaustria sawa. Kisha ikampunguzia Mjerumani kodi ya gari kwa kiasi kilekile. Kwenye kibao bei ilikuwa moja. Austria ilishtaki, na Juni 2019 mahakama ikasema waziwazi kwamba mzigo wote ulikuwa unamwangukia mgeni. Mradi ukafa, na Ujerumani ikaishia kuwalipa wakandarasi fidia ya euro milioni 243. Tangu hapo nikiona "bei moja kwa wote" huwa nauliza nani anarudishiwa kwa mlango wa nyuma. Na swali hilo linatuhusu sasa hivi: kanuni za Tanzania za Machi 2025 zilikataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Ni jambo jema kwa shilingi. Lakini kufuta alama ya dola hakufuti bei ya pili. Inaweza kuandikwa kwa shilingi vilevile.

Anayepata tabu kuliko wote ni mtu wa katikati, ambaye karatasi yake na sura yake hazisemi kitu kimoja. Mtanzania wa asili ya Kihindi, aliyezaliwa Tanga kama baba na babu yake, akifika getini anaombwa kitambulisho cha taifa kabla hajafungua mdomo, na akikisahau hotelini jioni yake imeharibika. Mmalawi anayeongea Kiswahili cha Mbeya anapita nyuma yake bila swali. Mwanamke wa Kijerumani aliyeolewa Moshi, mwenye kibali halali, anaeleza hali yake upya kila dirisha. Huyu mtu wa katikati ndiye kipimo cha ustaarabu wa bei mbili: je, ana njia ya kuthibitisha? Mwaka 1973 kesi ya namna hii ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kutoka Connecticut. Sheria ya jimbo hilo ilisema mwanafunzi aliyeomba chuo akiwa na anwani ya nje atahesabika wa nje, na kulipa ada ya wa nje, mpaka amalize masomo. Mmoja wa walioshtaki alikuwa ameolewa na mkazi, ana leseni ya udereva ya hapo, gari limesajiliwa hapo, amejiandikisha kupiga kura hapo. Mahakama haikukataa ada mbili. Ilikataa mtu kunyimwa nafasi ya kuonyesha kwamba ameshakuwa mwenyeji. Sura hairuhusu rufaa, na karatasi isiyoruhusu rufaa ni sura nyingine tu.

Nikirudi Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inakataza kubaguana kwa uraia miongoni mwa nchi wanachama, na Mkenya anaingia Serengeti kwa elfu kumi ingawa dereva wa bajaji hakuisoma. Uanachama umefanya maajabu yake. Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022, raia wa Lubumbashi akaingia kundi la wenyeji wa Jumuiya, wakati Mzambia wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, wanayeuziana naye mahindi kila siku, akabaki kundi moja na Mmarekani. Kipato chao hakikubadilika. Bei ya mgeni imepangwa kwa kudhani kila mgeni ametoka nchi tajiri, na dhana hiyo inamkosa mtu wa Kitwe, wa Lilongwe na wa Nampula, majirani wa Tanzania kwa ramani na kwa undugu.

Wengine wameshaliona tatizo hilo. Taj Mahal ina bei tatu: rupia 50 kwa Mhindi, 1,100 kwa mgeni, na 540 kwa raia wa nchi jirani zilizo kwenye jumuiya za kikanda. Hifadhi za Afrika Kusini, Kruger ikiwamo, nazo zina daraja la katikati kwa raia wa nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, karibu nusu ya kiwango cha mgeni wa mbali. Tanzania ni mwanachama wa SADC tangu jumuiya hiyo ilipoundwa. Mtanzania akienda Kruger anahudumiwa kama jirani. Mwafrika Kusini, au Mzambia aliyepita Tunduma na gari lake, akija Serengeti analipa dola 70. Bodi inayopanga viwango vya hifadhi za Tanzania haihitaji mkataba mpya kulirekebisha hilo. Inahitaji mstari mmoja zaidi kwenye jedwali ambalo tayari lina mistari ya mgeni, mkazi na raia wa Afrika Mashariki.